Adelgunda Ajifunza Kukataa

Mwaka ule wa barabara Adelgunda alikuwa ametimiza miaka hamsini na kitu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mgeni "hapana". Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa kuku, mkali kwa wanawe watatu mpaka kila mmoja akapata mji wake mbali, na marehemu mumewe, Rwezaura, alizijua siku za kukaa kimya. Lakini mgeni ni mgeni. Mgeni akiingia nyumbani kwa mtu wa Nyaishozi anatandikiwa nyasi safi, analetewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, anachukua punje mbili tatu, ndipo anaulizwa habari za alikotoka. Shida iliyomleta inasubiri zamu yake. Na akiomba kitu ambacho huwezi kumpa, unainamisha kichwa kidogo unamwambia, "Tumesikia." Mtu aliyelelewa anajua hapo kwamba amenyimwa. Anashukuru, anatafuna punje nyingine, anaondoka na heshima yake yote. Ndivyo tunavyokataa sisi watu wa Karagwe, na sijasikia aliyelalamika.

Yule bwana mpimaji hakulelewa Karagwe.

Alikuja kwa Adelgunda mwezi wa Novemba, wakati watu wako mbugani wanakimbizana na senene, wale panzi wa kuliwa. Alikuwa Mwingereza, kijana mrefu, shingo imeungua kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa maneno manne, mawili kati yake ya kuwafokea wapagazi. Kwa hiyo alifuatana na mkalimani, Placidius, kijana wa Bukoba mwenye viatu vinavyong'aa na kalamu mbili mfukoni. Placidius alikuwa Mhaya aliyefunzwa adabu na bibi yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake kazini. Neno kali likipita mdomoni mwake lilitoka limepakwa samli.

Bwana alieleza kwamba serikali inataka kupitisha barabara ya malori ya kahawa. Akanyoosha kidole kutoka mbuni ule wa juu mpaka mgomba ule wa chini, na kidole kikapita juu ya kaburi la Rwezaura. Huku wafu wetu tunawazika kibanjani, katikati ya migomba na mibuni inayozunguka nyumba, wasiwe mbali na mazungumzo. Adelgunda alikiona kidole kilipopita. Akapiga goti, akasema kwa upole, "Tumesikia, waitu," kama tunavyomwita bwana wa kuheshimiwa.

Placidius akatafsiri kwamba mama anasema wamesikia. Bwana akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake. Adelgunda akashusha pumzi. Alikuwa amekwisha kukataa, tena mbele ya mashahidi, na jioni ile alikaanga senene akala kwa amani.

Mwezi wa Mei, kahawa zimeanza kuiva, walikuja watu wawili na nyundo. Wakapiga vigingi vya mti vyenye rangi nyekundu, kimoja baada ya kingine, kutoka mbuni wa juu mpaka mgomba wa chini. Kimoja wakakipiga pale pale kichwani kwa Rwezaura, karibu na msalaba.

"Lakini mimi nilikataa," alisema Adelgunda.

"Mama, mimi ni wa nyundo tu," alijibu mmoja wao, Mhaya wa Muleba. "Bwana mwenyewe atakuja baada ya wiki tatu na watu wa kufyeka. Ukiwa na neno, mngoje yeye."

Adelgunda alisimama mbele ya kile kigingi mpaka jua likahama. Kuking'oa hakuthubutu, kwa kuwa kilikuwa cha serikali. Akajitanda khanga ya kutokea, akaenda kwa mkungu, yaani mkubwa wa kijiji, Byabato. Byabato alimkaribisha vizuri, akampa kahawa, akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainamisha kichwa kidogo. "Tumesikia, Adelgunda," akasema.

Alirudi nyumbani akijua kabisa alichoambiwa.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mwalimu Egbert. Egbert alifundisha kwenye shule ya misheni, na zamani aliwahi kuwa mpishi, kisha karani, kisha tena mpishi wa Waingereza kule Bukoba, mpaka Kiingereza kikamwingia kupitia sufuria. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Adelgunda alimkuta anapalilia maharage nyuma ya shule.

"Mwalimu, nifundishe Kiingereza."

"Chote?"

"Cha kukataa tu. Kingine baki nacho."

Egbert akaweka jembe chini. Alipoelezwa habari yote hakucheka, ingawa ilimwia vigumu. Akauliza kwa nini asimwambie bwana kwa Kinyambo, Placidius amtafsirie. Adelgunda akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asitembee uchi sokoni.

"Nimkatae mgeni usoni kwa lugha ya mama yangu? Ulimi utanishika. Hata ukinikubalia, yule kijana wa Bukoba atalipaka samli, lifike kule limekuwa asante."

"Kweli," alisema Egbert baada ya kufikiri. "Kinyambo kimekulea, kinakuona. Kiingereza hakikujui, wala hukijui. Huwezi kukionea haya."

Akamwandikia neno lile ubaoni kwa chaki, herufi kubwa kubwa. Adelgunda hakujua kusoma, lakini alilitazama kwa heshima, akajaribu kuona ukali wake uko upande gani. Egbert akalitamka. Adelgunda akalitamka. Ai rifyuzi. Lilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia, halikuwa na hata sauti moja ya kuumiza koo. Kwa muda wa kumenya ndizi tano alikuwa nalo, akainuka kuaga.

"Unakwenda wapi?" Egbert akamuuliza. "Neno umelipata. Matumizi bado."

Basi wakaanza matumizi, na hayo yalikula wiki zote tatu. Kila siku watoto wa shule wakishatawanyika, Egbert alijifanya bwana. Aliingia mlangoni kwa hatua ndefu, kofia mkononi, akasema anataka kupitisha barabara. Adelgunda akapiga goti. "Karibu waitu, ai rifyuzi, lakini kaa kwanza upumzike."

Egbert akavua miwani, akajipangusa macho. "Mama, umemkaribisha, umemkataa, umemkalisha. Sasa yeye afanye lipi?"

"Akae."

"Akikaa utampa kahawa. Akitafuna kahawa yako, utamkataa tena?"

Kila mtu anajua kwamba aliyetafuna kahawa yako ni wa nyumbani, na wa nyumbani hakataliwi usoni. Hapo ndipo Adelgunda alipoanza kuona ukubwa wa neno alilojitwisha. Halikuwa neno la kuongeza juu ya adabu. Lilitaka lije peke yake, mbele, kabla ya goti na kabla ya nyasi, na usicheke unapolisema, wala usiliongezee "lakini". Alijaribu tena. Alipoacha goti alicheka. Alipoacha kucheka akapiga goti. Siku moja alifaulu yote mawili, akasimama wima kabisa na uso mkavu, ila akawa amelisahau neno.

"Waingereza wenyewe," aliuliza siku hiyo, amechoka, "wanaambiana hivi, uso kwa uso?"

"Kutwa. Bibi anamwambia bwana, bwana anamwambia bibi. Nilikuwa nasikia nikiwa jikoni."

"Na jioni?"

"Jioni wanakula mezani pamoja."

"Chakula kile kile?"

"Nimekipika mimi mwenyewe."

Habari hiyo ilimkaa Adelgunda kichwani njia nzima. Alikuwa amedhani neno lile ni la ugomvi, la kusema mara moja maishani kisha watu wasisalimiane tena. Kumbe kuna nchi ambako unalitumia kama jembe: unalima nalo, unalitundika ukutani, kesho unalichukua tena. Hakuamini sana, lakini lilimpa moyo.

Egbert akampa na mazoezi ya nyumbani. Kila wiki akatae vitu vitatu, vya kweli, kwa watu wa kweli.

Wa kwanza kuangukiwa alikuwa Kokwijuka. Huyu alikuwa jirani yake wa upande wa chini, mjane kama yeye, na kwa miaka thelathini walikuwa wakiazimana kila kitu isipokuwa meno. Asubuhi moja alikuja kuazima jembe. Adelgunda akasimama mlangoni, mikono pembeni. "Ai rifyuzi."

"Nini?"

"Nimekataa."

Kokwijuka alimtazama juu mpaka chini, akageuka akaondoka. Baada ya muda mfupi alirudi na kibuyu cha dawa ya homa, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamlaza kwa nguvu. Adelgunda alikunywa ile dawa chungu yote, maana kuikataa nayo ingekuwa kumalizia mazoezi mawili kwa siku moja, na nguvu hizo hakuwa nazo. Kisha akamweleza. Kokwijuka alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wewe umeingiwa na wazimu. Mimi siwezi, hata wakinijia na bunduki." Akachukua jembe akaenda zake.

Wa pili alikuwa katekista, aliyekuja kuomba mkungu wa ndizi kwa ajili ya padri mgeni. Adelgunda alilisema neno lote, vizuri, bila goti. Katekista akafanya ishara ya msalaba akaondoka. Kabla jua halijatua Adelgunda alikuwa amebeba mikungu miwili kichwani, mmoja wa padri na mmoja wa kuomba radhi, akaipeleka mpaka kwa katekista mwenyewe. Kwa mnunuzi wa mbuzi ilikuwa vivyo hivyo. Alimkataa mlangoni, akamfuata njiani, akamkabidhi mbuzi karibu na soko, akiwa anahema.

"Huko si kukataa," alisema Egbert alipoletewa ripoti. "Huko ni kuchelewa."

Habari zikaenea, maana Nyaishozi haina siri. Wakaanza kumwita Mama Rifyuzi. Watu wazima na akili zao walikuwa wakipita kwake kuomba chumvi ambayo hawaihitaji, ili wasikie tu anavyolitamka. Adelgunda alivumilia, akawa anawafanyia mazoezi, na kusema kweli alianza kunogewa. Ila asubuhi, alipokwenda kufagia kaburini, utani ulimwishia. Kigingi kilikuwa pale pale na rangi yake.

Tena kilichomtisha zaidi hakikuwa kigingi wala bwana. Alikuwa anamwogopa Rwezaura. Mumewe ndiye aliyekuwa mwenye kile kikapu cha kahawa. Nyumba yao ilijulikana kwa hicho. Wakati mmoja alimkuta mwizi kibanjani mchana kweupe, mkungu wa ndizi begani. Watu wengine wangepiga yowe. Rwezaura alimsalimu, akamwambia mgeni hapiti kwake bila kutafuna kahawa. Mwizi akatua mzigo, akatafuna, kisha akakosa namna ya kuuinua tena. Akaaga, akaenda mikono mitupu. Rwezaura alisimulia kisa hicho mpaka alipokufa, na kila mara alikimalizia kwa kusema kwamba hakuna mtu atakayetoka mlangoni kwake mdomo mkavu, hata awe nani.

Sasa mkewe alikuwa anajifunza kumtoa mtu mdomo mkavu.

"Nitakuaibisha," alimwambia asubuhi moja, akichuma magugu kandokando ya mawe. "Uniwie radhi. Sijaona njia nyingine ya kukulinda." Akalia kidogo, akajipangusa kwa khanga, akaenda shuleni kufanya mazoezi.

Bwana alikuja siku iliyosemwa, na watu wa kufyeka nyuma yake, mapanga begani. Uani kwa Adelgunda kulikuwa kumejaa. Mkungu Byabato alikuwepo kwa kazi yake. Egbert alikuwepo, amewaacha wanafunzi wakiimba wenyewe. Kokwijuka alikuwepo, na waliopenda kuomba chumvi walikuwepo wote. Adelgunda alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, neno liko tayari ulimini.

Lakini yule bwana hakuwa bwana wa Novemba. Miezi ile alikuwa amekaa na watu, na kuna mtu kule Bukoba alimwambia kwamba nchi hii huwezi kuiendesha mbio. Alivua kofia akiwa mbali. Hakutaja barabara. Alikuja taratibu, akasalimia kwa Kihaya, kibovu lakini kizima, akauliza habari za mvua na za wajukuu. Akajikalisha mwenyewe kwenye nyasi, miguu yake mirefu ikamsumbua mahali pa kuiweka, kisha akatanguliza mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto wa Kinyambo aliyefunzwa. Alikuwa anangoja kahawa.

Watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Placidius alitabasamu, maana somo hilo alilitoa yeye.

Na kikapu kilikuwa tayari mikononi mwa Adelgunda. Hakujua kilifikaje. Mikono yake ilikuwa imekwenda ndani ikakileta yenyewe, kama ilivyofanya miaka thelathini na zaidi, na mfuniko ulikuwa umeshafunuliwa. Miguu nayo ilikuwa imeshapiga hatua mbili, na goti lilikuwa linaanza kukunjika. Kwa yote waliyofanya na Egbert, hawakuwahi kufanya mazoezi ya bwana mwenye adabu.

Akamwona Egbert pembeni, mdomo wazi. Akaona viganja vya yule kijana, vina malengelenge. Akajua kwamba punje moja ikigusa pale, hatakuwa na neno tena, si la Kiingereza wala la lugha yoyote, na watu wa mapanga wataingia kibanjani. Goti likanyooka. Akafunika kikapu, akakirudisha kifuani, akakikumbatia.

"Ai rifyuzi."

Byabato akatazama vidole vyake vya miguu. Mama mmoja akajiziba uso kwa khanga kwa aibu ambayo haikuwa yake. Mikono ya bwana ikabaki hewani muda mrefu kuliko inavyofaa mikono kubaki, kisha akaishusha. Neno alilisikia, hilo halikuhitaji mkalimani. Akamgeukia Placidius akamuuliza, kwa sauti ya chini, amefanya kosa gani.

Na Placidius, maskini, safari hii samli ilimwishia. Alikuwa mweupe midomoni. Alimwambia bwana wake kwamba katika nchi hii kumnyima mtu kahawa ni zaidi ya kumfukuza. Kwamba yeye tangu azaliwe hajaona ikifanyika. Kwamba bibi yake alimsimulia habari za mtu mmoja aliyenyimwa, na huyo alikuwa ameua. "Kama serikali inanisikiliza," alisema, "tusikanyage shamba hili mpaka tujue."

"Muulize ni kwa nini," alisema bwana, uso umekuwa mwekundu kuliko shingo.

Adelgunda akanyoosha mkono uliokuwa huru. "Pale amelala mume wangu. Kigingi chenu kiko kichwani kwake."

Bwana akainuka, akaenda mwenyewe, kofia mkononi. Walimwona amesimama kati ya migomba. Aliporudi alikuwa amefungua daftari lake la Novemba, na hakuonekana mwenye hasira ila mwenye kuchanganyikiwa. Aliuliza, kupitia kwa Placidius, mbona hapa imeandikwa kwamba mama amekubali.

Macho yote yakahamia kwa Placidius. "Alisema amesikia. Mimi nilisema amesikia. Sikuongeza."

Ingekuwa rahisi hapo kumtupia mzigo mkalimani, wakalimani wameumbiwa hilo. Adelgunda alilifikiria kabisa, sitamsingizia wema. Halafu akasema, "Ni kweli. Kijana hajasema uongo. Nilisema tumesikia, nikadhani ataelewa. Sikumkataa. Leo ndiyo nimemkataa."

Bwana akasikiliza tafsiri yote, akafunga daftari. Akasema angejua Novemba asingepoteza rangi nyingi hivyo. Akatoa amri, na yule wa nyundo wa Muleba akaenda kung'oa kile kigingi, na vingine vyote vya kibanja kile. Adelgunda akaegemea nguzo ya mlango. Egbert alikuwa analia waziwazi kwa furaha.

Ila barabara ni lazima ipite mahali. Bwana akavuta kamba yake upande wa chini, na watu wote wakaifuata. Ilikwenda moja kwa moja kwa Kokwijuka. Ilipita jikoni kwake, ikapita nyumbani kwenyewe, nyumba aliyoiezeka upya mwaka jana kwa mikono yake, akipanda na kushuka ngazi na umri ule. Bwana akaieleza habari hiyo kwa upole sana, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameonja ukali wa nchi.

Kokwijuka akapiga magoti yote mawili. Akainamisha kichwa.

"Tumesikia, waitu."

Placidius akatafsiri. Bwana akaonekana kupata nafuu, akafungua daftari, akachomoa kalamu.

Adelgunda alikuwa amesimama nyuma, kikapu bado kifuani. Yake yalikuwa yamekwisha. Rwezaura alikuwa salama, na mtu akishavuka mto harudi kuuliza kina. Tena Kokwijuka alikuwa amecheka, akasema yeye hawezi hata kwa bunduki. Hayo yote yalimpitia. Kokwijuka akainua macho mara moja, hakumtazama bwana, akamtazama yeye, kisha akayarudisha chini. Adelgunda akaona uchungu kama wa kuchomwa mwiba.

"Placidius, mwanangu," aliita. "Mwambie bwana, huyu amekataa."

"Amesema amesikia, mama."

"Bibi yako huko Bukoba akikuambia amesikia, wewe unakwenda kuchukua kitu?"

Placidius akainama akatazama viatu vyake, ambavyo siku hiyo havikung'aa. Akamgeukia bwana akasema maneno marefu ya Kiingereza, Egbert akiitikia kwa kichwa kuyathibitisha. Bwana akarudisha kalamu mfukoni. Akaitazama kamba yake, akatazama chini kwenye bonde la maji, akatazama juu. Akauliza, sasa hivi kwa sauti ya mtu aliyechoka kweli, basi wao wanataka ipite wapi.

Adelgunda akawapita wote, akapanda kuelekea kibanjani kwake upande wa juu, kwenye mwinuko, juu zaidi ya vigingi vya kwanza. Pale palikuwa na safu za mibuni aliyoipanda na Rwezaura mwaka waliooana, naye akiwa amekuja mgeni kutoka Bugomora, hajui hata kisima kiko wapi. Ndiyo iliyozaa vizuri kuliko yote. Ilikuwa imeinama kwa kahawa mbivu, imebakia wiki mbili tatu kuchumwa. Ndiyo iliyojaza kile kikapu.

"Hapa," alisema. "Mnipe nafasi ya kuchuma, kisha mpitishe hapa."

Bwana akapima kwa macho. Kutakuwa na kona, alisema, na kazi ya kuchimba, lakini inawezekana. Akafungua daftari, akaweka kalamu kwenye karatasi, halafu akaisimamisha. Akamwambia Placidius, "Muulize. Amesikia, au amekubali?"

Watu wakacheka, hata Byabato. Adelgunda hakucheka. Alitembeza mkono juu ya majani ya mbuni wa karibu.

"Nimekubali," alisema.

Kisha akafunua kikapu, akapiga goti, akampa yule kijana kahawa kwa mikono miwili, naye akapokea kwa mikono miwili. Alitafuna na maganda yake, akakunja uso, akaomba nyingine. Watu wa mapanga nao wakapata. Placidius alipata ya kujaza kiganja. Kikapu kilirudi kitupu.

Wiki ya tatu, baada ya kuchuma, wakaja kukata. Adelgunda alikuwa amejiapiza atakuwa shambani kwingine, lakini mbuni wa kwanza ulipoanguka alikuwa amesimama pale pale, na machozi yakamtoka asiweze kuyazuia. Kokwijuka alikuwa amepanda kuja kumsindikiza. Akamshika mkono.

"Twende nyumbani," alimwambia. "Mbona unajitesa? Umejuta?"

"Sijajuta. Niache nilie," alisema Adelgunda. "Kule chini walikuwa wanachukua. Hii nimetoa mimi."

Wakabaki wameshikana mikono mpaka safu yote ikaisha.